Mvua Nyingi, Chemchemi Kavu

Kila asubuhi Chepngeno alimpeleka ng'ombe wake, Lelgut, kunywa maji kwenye chemchemi iliyo chini ya shamba lao la chai, kijijini Mogogosiek. Siku hiyo maji yalitoka tone kwa tone. Lelgut alilamba jiwe, kisha akamtazama.

"Usiniangalie mimi," Chepngeno alisema. "Hata mimi sielewi."

Wakati wa masika mvua ilinyesha hadi ikabomoa daraja. Maji hayo yote yalienda wapi?

Mumewe, Kipchirchir, alitaka kumuuza Lelgut kabla hajakonda.

"Na watoto wanywe chai bila maziwa?" Chepngeno aliuliza.

Jirani yao Celine, mjumbe wa kamati ya maji, alifika na ndoo kutoka tangi lake. Alimnywesha Lelgut bila kuombwa. Kisha akamuuliza Chepngeno, "Mama Kimeli, mlipopogoa chai, matawi mliyapeleka wapi?"

"Jikoni. Kuni ni kuni."

Celine alimwaga maji kidogo kwenye udongo wao mtupu. Yakateremka mbio, mekundu. Akavuka mpaka, akamwaga mengine shambani kwake, juu ya matawi yaliyoachwa chini ya chai. Yakazama.

Kipchirchir alicheka. "Kwani chemchemi inakula matawi?"

"Inakula maji yaliyozama, baba. Dunia inazidi kupata joto, na mvua imebadilika. Zamani ilinyesha polepole, karibu kila alasiri. Sasa inashuka kwa kishindo, halafu jua kali linakaa. Ardhi tupu haiwahi kuinywa. Maji yanakimbilia mtoni, yanabomoa daraja, yanaenda."

"Mvua ya zamani tutairudishaje?" Chepngeno aliuliza.

"Hatuwezi sisi peke yetu. Lakini hii inayokuja tunaweza kuikaribisha ikae."

Aliwaonyesha mikaratusi waliyopanda karibu na chemchemi. Nayo ilikuwa inakunywa maji mengi. "Kateni hii, mpate kuni. Pandeni miti ya kienyeji. Matawi ya chai yaacheni shambani, na mchimbe mitaro ya kukinga maji."

Kipchirchir alikuna kichwa. "Haya. Lelgut nitamngojea kiangazi kimoja tu."

Walikata, wakachimba, wakapanda. Celine aliendelea kuleta ndoo mpaka mvua iliporudi.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali vilevile. Chepngeno alishuka chemchemini akiwa na wasiwasi. Maji hayakuwa kama ya utotoni mwake, lakini yalitiririka. Lelgut alikunywa hadi akatosheka. Akainua kichwa, akamtazama.

"Usiniangalie mimi," Chepngeno alisema. "Twende tukampelekee Celine maziwa."