Mtoto Aliyesifiwa kwa Kunyamaza

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Cherehani alifua nepi. Kazi hiyo aliipokea tangu mama yake aliporudi kutoka hospitali na mtoto mchanga kifuani na mshono tumboni. Mama alikuwa amejifungua kwa upasuaji, na hakuruhusiwa kuinama wala kubeba ndoo. Jina la Cherehani alibandikwa na baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, kwa sababu binti huyo wa miaka kumi na miwili akianza kusema, hakuna wa kumkata uzi.

Aliloweka, akasugua, akasuuza mpaka maji yakawa masafi, kisha akaanika kwenye waya uliopita kati ya nyumba na karakana ya baba.

Kumwogesha mtoto ilikuwa kazi ya shangazi. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, msusi mwenye saluni yake, na alifika na begi kubwa na amri nyingi. Alipika, alideki, alimkanda wifi yake mgongo. Huwezi kusema hakuwa na moyo. Lakini alikuwa mtu wa kujua kila kitu, na aliyethubutu kumsahihisha alijuta.

Asubuhi moja Cherehani aliingia bafuni kuchukua beseni. Akamkuta shangazi amemlaza mtoto kwenye taulo, anamnyunyizia poda yenye manukato kwenye kitovu, palepale ambapo kikonyo kilikuwa bado hakijadondoka. Kisha shangazi akachukua kitambaa alichokichana kutoka kwenye shuka kuukuu, akamfunga mtoto tumboni na kukaza.

"Shangazi, muuguzi alikataza!" Cherehani alisema. "Alisema kitovu kisiwekwe kitu. Kiachwe wazi, kikauke chenyewe. Nilikuwapo, nilimsikia."

"Huyo muuguzi amezaa wangapi?" Shangazi hakuinua hata macho. "Mimi nimelea wanne, na wote wana vitovu vizuri. Sasa nisikilize. Mama yako ana mshono. Ukimpelekea maneno haya, presha ikampanda, itakuwa juu yako. Umenielewa?"

Cherehani alielewa. Akafunga mdomo, akaenda shule na hasira yake. Alimkasirikia shangazi. Kisha akajikasirikia mwenyewe, maana darasani walimu walishindwa kumnyamazisha kila siku, na leo mtu mmoja alikuwa amemnyamazisha kwa sentensi chache.

Mtoto naye akawa kimya. Alipofika nyumbani mara ya kwanza alilia kama king'ora na kunyonya kwa pupa. Sasa alilala tu. Mama alipompa ziwa, alinyonya kidogo, akaliachia, akasinzia tena. Mama akamtekenya nyayo, akambadilishia ziwa, wapi!

"Huyu kachukua upole wa babu yake," shangazi alisema kwa fahari. "Wenzako wanakesha na vilio, wifi yangu. Wewe umepata malaika."

Mama, aliyekuwa amelegezwa na dawa za maumivu, alitabasamu bila uhakika.

Jumamosi Cherehani alipewa mtoto ambadilishe nepi. Alipomfungua, pua yake ikakutana na harufu mbaya. Akakisogeza kile kitambaa. Ngozi ya kuzunguka kitovu ilikuwa nyekundu, imevimba, na usaha wa njano ulikuwa umegandamana na poda. Tumbo lilikuwa la moto, miguu ya baridi.

Alimfunika vizuri, akakimbia karakana. Baba alikuwa ameinamia geti la mteja, kinyago usoni.

"Baba! Mtoto anaumwa!"

Baba akainua kinyago. "Nani kasema?"

"Mimi! Kitovu kinanuka. Shangazi..."

"Shangazi yupo?"

"Yupo, lakini yeye ndiye..."

"Basi mwambie shangazi. Mambo ya vichanga mimi siyajui. Na punguza kelele, nina kazi ya watu hapa."

Kinyago kikashuka. Cheche zikaruka. Cherehani alitamani kulipiga teke lile geti. Hakulipiga. Aligeuka akarudi ndani.

Sebuleni walikuwapo majirani wawili waliokuja kumwona mtoto. Shangazi alikuwa tayari amempakata, na jirani mmoja alikuwa akisema, "Jamani, mtoto mpole hivi! Hana hata kelele."

"Si mpole, ni mgonjwa!" Cherehani alipaza sauti mpaka jirani akashtuka na kikombe chake. "Hanyonyi! Kitovu kinatoa usaha! Shangazi anakiwekea poda na kukifunga kitambaa, na mimi kaniambia ninyamaze!"

Shangazi akasimama, mkono mmoja juu. "Mtoto huna adabu! Mbele za wageni?"

"Shusha huo mkono, wifi."

Mama alikuwa mlangoni, amejishika tumbo. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ndiyo maana kila mtu aliogopa. "Nipe mwanangu."

Akakifungua kitambaa. Akatazama, akanusa. Kisha akamwita baba kwa ukali ambao hata mashine ya kuchomelea haikuweza kuufunika.

Mteja aliyekuja kuchukua geti ndiye aliyewapeleka wote hospitali kwa pikapu yake, shangazi naye akiwamo. Njia nzima mama alimweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, asipoe zaidi.

Muuguzi wa wodi ya watoto wachanga alikuwa yuleyule aliyewaruhusu kurudi nyumbani. Alimpima mtoto joto, akabonyeza ngozi taratibu, akamwita daktari. Kisha akawageukia.

"Kidonda cha kitovu ni mlango," alisema. "Vijidudu vikiingia hapo, vinaweza kufika kwenye damu. Kiliwekwa nini hapa?"

Mama alitaka kujibu, lakini shangazi akamtangulia. "Labda ni nepi. Anazifua huyu binti, na watoto wa siku hizi unawajua, sabuni nusunusu..."

Cherehani akamgeukia. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa kufua. Lakini kabla hajafungua mdomo, baba alinguruma. "Dada! Huyu alinijia nikamfukuza. Mwenye makosa hapo ni mimi. Usimtwishe mzigo wako."

Muuguzi akapiga meza kwa kiganja. "Ugomvi wenu upelekeni nje! Mimi sitafuti mtu wa kumfunga. Natafuta ukweli, nijue ninatibu nini. Kiliwekwa nini?"

Shangazi akamtazama mtoto aliyelala bila kujitikisa. Mabega yake yakashuka.

"Poda," alisema. "Na kitambaa. Ni mimi, tangu siku aliyofika nyumbani."

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Mtoto alichomekwa sindano nyembamba kwenye mshipa wa mkono ili apitishiwe dawa. Mama alikamua maziwa, wakamnywesha kidogokidogo kwa kikombe. Muuguzi alikisafisha kitovu mwenyewe, na hakuna aliyemgusa mtoto kabla ya kunawa.

Mchana mmoja, Cherehani alipotoka shule na kuingia kwenye korido ya hospitali, alisikia kilio kikali. Akakimbia, moyo juu. Akamkuta muuguzi anacheka.

"Hiyo ndiyo sauti niliyoingoja," muuguzi alisema. "Ana njaa, na ana hasira kama dada yake. Njoo ukae hapa."

Wakakaa kwenye benchi.

"Mtoto mchanga akiacha kulia na kunyonya, huo si upole," muuguzi alisema. "Ni hatari. Akipata joto kali, au akapoa sana, au kitovu kikavimba, analetwa hapa saa hiyohiyo. Wewe uliona, ukasema. Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine leo."

"Lakini mwanzoni nilinyamaza, sista."

"Ulinyamaza, na hilo ulikumbuke. Mtu mzima akikuambia ufiche jambo linalohatarisha uhai, usifiche. Mwambie mwingine. Asipokusikia, mwambie wa tatu. Kumheshimu mkubwa ni vizuri, ila heshima haikuzuii kusema kweli."

Shangazi alikuwa amesimama karibu, chupa ya uji mkononi. Alikuwa amesikia yote. Akasogea.

"Mwanangu, nilikosa," alisema. "Nilimdhuru mtoto nikijidai najua, kisha nikakusingizia. Nisamehe."

Cherehani alimtazama. "Bado nimekasirika, shangazi."

"Una haki."

Ndani, mtoto akalia tena. Shangazi akaweka chupa chini na kunyoosha mikono kumwendea.

"Nawa kwanza," Cherehani alisema.

Shangazi hakubisha. Alikwenda kwenye sinki, akachukua sabuni, akanawa mpaka viwiko.