Sauti ya Lucien Imenyamaza

Jumanne, saa kumi na mbili jioni, Valérie alibonyeza kitufe cha kompyuta yake nyumbani Kolwezi. Badala ya kuwaka, ikalia: mlio mrefu, kimya, mlio mrefu tena. Kioo kilibaki cheusi. Akaizima, akaiwasha. Mlio ule ule.

Ndani ya mashine ile mlikuwa na kitu kisicho na nakala popote duniani: sauti ya marehemu mumewe, Lucien, aliyekuwa karani katika mgodi wa Mutoshi hadi ugonjwa wa figo ulipomchukua mwaka uliopita. Siku walipoinunua mashine, alijirekodi kujaribu maikrofoni, akiigiza namna anavyorudi kutoka kazini. Akagonga meza, akapaza sauti. Tangu mazishi, kila jioni baada ya kula, Valérie aliifungulia sauti hiyo kwa nguvu zote. Wengine wana dawa ya usingizi. Yeye alikuwa na Lucien.

"Kuran njo imeiua," alisema shemeji yake, Gael, aliyesimama mlangoni, akimaanisha umeme. "Ao ule Ezéchiel, fundi. Jana alipita hapa. Ile mutu anatafutaka bipande bya machine kila siku."

Gael hakukawia kutoa hukumu. Valérie alikuwa mtunza stoo wa duka la dawa, na kazi ilimfundisha kutomlaumu mtu kabla ya kufungua katoni. Akachomoa waya ukutani. Juu ya kasha la mashine palikuwa pametandikwa kitambaa cheupe cha kufuma, ua lake likitazama juu; akakiondoa, akakiweka kitini. Akachukua bisibisi. Skrubu moja ilikuwa imelegea tayari.

Ndani kila kitu kilivaa vumbi jekundu la malori, isipokuwa mstari mmoja mwembamba, msafi kabisa, kati ya vibanio viwili vilivyoachwa wazi. Barrette, kile kijiti cha kumbukumbu, hakikuwepo.

"Gael," alisema taratibu, "kuran inaunguzaka. Haichomoake kitu na kwenda nayo."

Asubuhi alimkuta Ezéchiel kwenye meza yake karibu na soko, akichomelea redio.

"Juzi ulifika kwangu kufanya nini, Tata Ezéchiel?"

"Kurudisha chargeur ya telefone ya Gael. Sikuingia hata. Mama Micheline, mukwe wako, aliipokea pa mulango."

"Barrette ya machine yangu haiko."

Fundi aliweka chini chombo chake, akacheka. "Aba, Mama Valérie! Ile barrette ya zamani? Hakuna mutu atainunua. Mwizi angebeba disque, ao machine yote."

"Na sauti ya Lucien?"

"Iko mu disque, kule bitu byote binabakiaka, haina mambo. Ile barrette, mutu aliitosha, aliichomoa, ili machine inyamaze tu."

"Nani anajua kuitosha?"

"Bote ba kwenu. Wakati nilikuja kuisafisha, nilibaonyesha: ukitosha hii, machine inalia bule. Wewe, Gael, na Mama alikuwa amekaa pale." Alitaka kwenda naye kuitengeneza, lakini Valérie alikataa. "Basi ukiipata, pangusa meno yake na gomme ya kufutia, sukuma mpaka isikike ko."

Alirudi nyumbani saa saba mchana, akafunga kasha na kulirudishia kitambaa chake. Akakitazama tena. Ua lilikuwa limelala kifudifudi, kama alivyozoea kukitandika yeye. Mama mkwe wake, Micheline, ndiye aliyekifuma, na miaka yote alimgombeza Valérie kwa kukitandika kinyume. Gael ndiyo kabisa, alikuwa akikitupa tu. Lakini jana ua lilikuwa limetazama juu, kama Micheline alivyotaka siku zote.

Micheline alikuwa uani, akichambua maharage.

"Mama, barrette iko wapi?"

Mama mkwe hakukana. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa leso, na ndani ya leso mlikuwa na kile kijiti.

"Mi njo niliitosha."

"Juu ya nini, Mama? Ile ni bwana yangu!" Hasira ilimpanda Valérie.

"Chumba yangu iko nyuma ya ukuta, mwana. Kila jioni mutoto wangu ananiita: 'Mama, fungula mulango, nimefika.' Mara ya kwanza niliamuka, nilifungula. Mavumbi tu. Mpaka leo miguu inaamuka yenyewe. Wewe unasikia bwana yako anarudia mu nyumba." Alirudisha macho kwenye maharage. "Mi namuacha inje kila siku."

Hasira yote ilimwishia Valérie, ikabaki aibu. Mwaka mzima hakuwahi kuuliza ukuta ule unapitisha nini.

Alifungua kasha tena, akakaa sakafuni, akasugua meno ya kijiti kwa kifutio, akakisukuma mahali pake. Ko, upande huu. Ko, upande ule. Akachomeka waya, akawasha. Mlio mmoja mfupi, kisha kioo kikajaa mwanga. Valérie akaanza kupekua droo kutafuta vipokeasauti vya masikioni.

"Acha," alisema Micheline nyuma yake. "Weka na sauti. Lakini ngoja kidogo."

Alijikokota hadi mlango wa mbele, akaufungua wote. Ngurumo za malori na vumbi vikaingia sebuleni.

"Sasa weka."

Meza iligongwa mara tatu. "Mama, fungula mulango, nimefika!"

"Iko wazi, Lucien," alisema Micheline.