Kura ya Mwalimu Nazira

Umeme ulikatika karatasi za Nazira zikiwa nusu ndani ya mashine. Duka la fotokopia sokoni Mocímboa da Praia lilijaa watu, na kijana mwenye shati la bluu lililonyooshwa vizuri akauokota ukurasa ulioanguka.

"Muswada, kamati, mjadala, kura, saini ya rais," alisoma. "Kumbe nimekutana na deputada, mbunge wetu?"

"Mimi mwalimu tu. Nawafundisha darasa la kumi jinsi bunge linavyotunga sheria."

"Basi nami niandikishe."

Aliitwa Latifo, karani wa mahakama. Baada ya miezi mitatu alikuwa akimpigia simu kila adhuhuri: "Umekula, mpenzi?" Nazira alimweleza mapema kwamba mumewe, Mamudo, alipotea mji uliposhambuliwa na waasi mwaka 2020, na hakuna aliyemwona akifa.

Nazira aliunda bunge la wanafunzi. Siku moja Isabel, msichana wa miaka kumi na sita, akawasilisha muswada: mke ambaye mumewe amepotea miaka mitatu awe huru kuolewa. Nazira aliitambua lugha ya mahakamani. Akapiga simu.

"Latifo, unaniposa kwa midomo ya wanafunzi wangu?"

"Isabel alinifuata mwenyewe. Mama yake yuko kama wewe. Nilimsaidia kuandika tu."

Nazira akakata simu. Siku nne hakupokea simu zake, mpaka alipomuuliza Isabel, naye akajibu, "Ni kweli, mwalimu, nilimfuata mwenyewe. Mama anapendwa na mtu, anaogopa."

Siku ya kura Nazira alimwalika Latifo. Alivaa kapulana, kitenge chake cha kijani, akakaa kiti cha mwenyekiti. Kumi na nane walikubali, kumi na nane wakakataa. Iliyobaki ni kura yake.

"Nakubali," alisema.

Nje, Latifo alimshika mkono. "Basi tuoane."

"Nisamehe kwa kukushuku. Lakini kura ile ni ya mama Isabel. Mimi bado mlango ukigongwa, moyo unaruka nikidhani ni Mamudo."

"Nitakusubiri, Nazira."

"Usinisubiri. Najua kusubiri kunavyomla mtu. Sitaki nikufanyie hivyo wewe."

Latifo akauachia mkono.

Aliomba uhamisho wa kwenda Pemba, mji mkuu wa jimbo lao, na mwaka uliofuata akaoa huko. Habari zilimfikia Nazira katikati ya somo. Alitoka, akanawa uso, akarudi kuwaeleza wanafunzi kazi ya kamati.