Damu Siyo Maini

Tarishi wa maabara aliisoma karatasi, akaigeuza juu chini, haikumwingia. Ilisema potasiamu, ile chumvi ya damuni, imepanda mno kwa binti yake aliyejiunga na utafiti wa maabara, kiasi cha kuweza kusimamisha moyo. Binti mwenyewe alikuwa uani anafua mashuka, anaimba.

"Mwanangu, hebu keti. Unaumwa wapi?"

"Mgongo, baba. Kwa mashuka yako."

"Karatasi ya utafiti inasema uko hoi."

"Basi iambie ije ifue yenyewe!"

Baba hakucheka. Marehemu mkewe naye alikuwa akitania hivyo hivyo wiki ile ile aliyozikwa. Sasa aamini karatasi au macho? Karatasi ina mhuri, macho hayana.

Akaenda maabara, kwa mpimaji wanayemwita Mama Darubini.

"Si binti yako tu," mama yule alisema. "Karibu wote waliopimwa kwenye utafiti wana majibu hayo. Mkubwa wetu wa maabara anadhani ni ugonjwa mpya. Hebu niambie, damu huwa unaibebaje kutoka kliniki?"

"Vizuri kabisa! Naifukia kwenye barafu ya chumvi mpaka shingoni. Nimefanya kazi bucha miaka kumi, mama. Inafika ngumu kama jiwe."

Mama Darubini akashika kiuno. "Ndiyo maana maji yake ya juu yanakuwa mekundu! Nilimwambia mkubwa, akasema endelea. Damu siyo maini, mzee wangu. Ikigandishwa kwa barafu, chembe zake zinapasuka, potasiamu ya ndani inamwagika nje. Mashine inahesabu yote."

"Kwa hiyo mgonjwa ni kichupa?"

"Huenda. Tusibahatishe, mlete tumpime upya. Kichupa kisimame wima, mbali na barafu na jua, kiandikwe jina na saa, kifike ndani ya saa mbili. Hapa tunakizungusha kwenye mashine, tunatenga maji ya juu. Hayo ndiyo yanagandishwa."

"Mbona sikuambiwa?"

"Maelekezo yapo. Kabatini kwa mkubwa."

"Na ufunguo?"

"Anao yeye."

Tarishi akaondoka kumleta binti, akijiuliza. Aliyekosea ni nani: aliyebeba, au aliyefungia?

Binti akapimwa siku hiyo hiyo. Potasiamu ilikuwa sawasawa. Wenzake wote wa utafiti nao wakachomwa sindano upya, kwa kosa lisilo lao. Maelekezo yakabandikwa mlangoni, na sahihi ya mkubwa chini yake, kana kwamba aliyatunga jana.

Wiki iliyofuata, mkubwa mwenyewe alimkuta tarishi kliniki anapanga vichupa.

"Wewe, jua kali hili! Tia barafu, uondoke!"

"Haitiwi, mkubwa."

"Nani kasema?"

"Wewe. Umetia sahihi."

Mkubwa akasogea, akampisha. Damu ikaondoka, imesimama wima.