Pipa Lililokuwa Likipumua

Kila siku akirudi kutoka shule, Chiriku alivua sare, akaitundika msumarini, akachukua ndoo na kwenda uani kuwalisha nguruwe. Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Bibi yake ndiye aliyempachika, kwa sababu mtoto huyo akianza kusema asubuhi, jioni inamkuta bado hajameza mate. Mama yake alifanya kazi mji mwingine na kuja nyumbani wakati wa likizo tu, kwa hiyo alilelewa na bibi pamoja na mama mdogo, fundi cherehani aliyewashonea watu nguo katika chumba cha mbele.

Nguruwe walikuwa wa bibi. Jike lilikuwa moja, nene na lenye maringo, likaitwa Bi Mkubwa kwa sababu halikumpisha mtu hata siku moja. Watoto wake walikuwa wameachishwa kunyonya juzijuzi tu, na aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa na doa jeusi juu ya pua, akaitwa Kidoti. Chakula chao kilikuwa na utaratibu wake. Bibi alichanganya pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, akavitia kwenye pipa la plastiki pamoja na maji, akafunika na kuviacha vichachuke mpaka vinukie kama maziwa mgando. Hapo ndipo alipowapa. Nguruwe wake walinenepa upesi, hawakuharisha ovyo, na bibi alipenda kuwaeleza wageni habari za mavi mazuri ya nguruwe hao hata kama wageni wenyewe walikuwa wanakula.

Sheria ya pipa ilikuwa moja.

"Usichote mpaka chini, mjukuu wangu," bibi alimwambia. "Bakiza. Kile cha zamani ndicho kinachokiamsha kipya. Hiyo ndiyo chachu."

Kisha bibi akaugua kifua. Chumba chake kilipakana na ua, dirisha lake likitazama pipa. Katika siku zake za mwisho alipumua kwa taabu. Pumzi ilipanda polepole, ikasimama, halafu ikatoka na mlio mzito wa majimaji. Nyumba nzima iliisikia, na hakuna aliyeitaja. Watu walizungumza habari za mvua, za chumvi, za vitambaa, ilimradi wasizungumze habari ya pumzi ile. Asubuhi moja ilisimama na haikuendelea.

Baada ya mazishi jamaa walitawanyika, mama yake Chiriku akarudi kazini kwake, na viti vya kuazima vikarudishwa. Chiriku alirudi kwenye ndoo yake. Mchana huo mama mdogo alikuwa dukani, ua ulikuwa kimya, na jua lilikuwa limewaka hata kuku wamejificha. Ndipo akaisikia. Ilipanda polepole, ikasimama, halafu ikatoka na mlio mzito wa majimaji.

Aligeuka kulitazama dirisha la bibi. Lilikuwa limefungwa kwa komeo. Sauti ikaja tena, na safari hii aliuona mfuniko wa pipa ukinyanyuka kidogo na kushuka.

Huenda wewe msomaji ungecheka. Cheka, lakini ungekuwa pale peke yako, na bibi yako yumo kaburini hata majani hayajaota, meno yangekugongana vilevile. Chiriku aliwatupia nguruwe chakula kilichokuwa ndooni akakimbilia ndani. Tangu siku ile hakukuwa na mchana wa raha. Alijifunza kuchota huku ameziba pumzi na kufumba macho, akimwaga nusu ardhini. Alipokaa kufanya kazi za shule alisikia. Alipoosha vyombo alisikia. Usemaji wote ukamwisha, na mama mdogo, ambaye siku hizo alishona mfululizo bila kuinua kichwa, hakumuuliza.

Wiki hiyo mwalimu alifundisha usafi: vyombo vichafu huleta magonjwa, vioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Mtu akitaka kisingizio hakosi. Siku iliyofuata mama mdogo alipokwenda kupeleka sare alizokuwa ameshona, Chiriku alijikaza kisabuni, akalilaza pipa na kumwaga kila kilichokuwa ndani nyuma ya choo. Alilisugua kwa sabuni na maji ya moto, chini kabisa, ubavuni, kwenye mdomo, akaliacha juani likauke. Kisha akatia pumba mpya, mashudu mapya na maji mapya, akafunika. Akasimama kusikiliza. Pipa lilikuwa kimya. Usiku ule alilala usingizi mzuri, na hilo ndilo lililokuja kumuuma zaidi baadaye.

"Umelipangusa pipa la bibi?" mama mdogo alimuuliza kesho yake. "Linang'aa. Mungu akubariki, mwanangu, mimi nilikuwa sijapata nafasi."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Aliwapa nguruwe chakula kile kwa saa ileile ya kila siku. Kilinukia pumba mbichi, lakini walikula.

Siku mbili tatu hivi zilipita. Harufu ya pipa ikageuka. Haikuwa ya maziwa mgando, ilikuwa ya kitu kilichosahauliwa kwenye sufuria. Mama mdogo alikuwa na mafua makali, hakuinusa. Watoto wa nguruwe walianza kuharisha majimaji ya njano. Mikia ililowa, manyoya yakasimama, wakalala wamerundikana pembeni mwa banda. Bi Mkubwa alikula kidogo akaliacha hori la chakula. Asubuhi ya Jumamosi mmoja alikutwa amekufa, na jioni wa pili.

Mjomba alikuja siku ya pili yake. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa mama mdogo, fundi mwashi, mtu wa maneno machache na yote makali. Alisimama kando ya banda mikono kiunoni.

"Mama alipokuwa hai, ulisikia nguruwe ameharisha hapa?"

"Sikusikia, kaka."

"Basi tatizo si nguruwe. Tatizo ni aliyeachiwa. Kesho nakuja na mchinjaji, tuwamalize kabla hawajafa bure. Na Bi Mkubwa naye."

"Nawalisha kama mama alivyowalisha. Sijabadilisha kitu, kaka, kweli tena. Nipe nafasi nimwite daktari wa mifugo, japo mara moja."

"Mwite leo. Kesho ni kesho."

Mama mdogo alirudi kwenye cherehani yake akakaa. Mguu ulikuwa juu ya kanyagio, lakini haukukanyaga. Chiriku alimwona kupitia pazia, machozi yakimdondokea kwenye kitambaa cha mteja. Hakuwahi kumwona akilia, hata mazishini.

Akatoka uani. Pipa lilikuwa limenyamaza. Aliweka sikio lake kwenye plastiki, yeye aliyelikimbia pipa lile kama anamkimbia simba, akasikiliza sana. Hakukuwa na kitu. Hapo ndipo alipoelewa kitu kibaya, au alidhani ameelewa: kwamba alichomwaga nyuma ya choo ni bibi mwenyewe, kile kidogo chake kilichokuwa kimebaki hapa nyumbani, na kwamba ndiye aliyemnyamazisha mara ya pili. Wazungu husema nini sijui, lakini wahenga wetu walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu wenyewe alikuwa ameketi chini, amelikumbatia pipa, na mchana ule ukimya ulimtisha kuliko ile pumzi.

Daktari wa mifugo alifika alasiri. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira vilivyopanda hadi magotini. Mjomba alimfuata nyuma. Daktari alimwinua Kidoti, akamfinya ngozi ya shingo, na ngozi ikachelewa kurudi mahali pake.

"Amekaukiwa maji," alisema. "Chakula kimebadilika?"

"Hapana, daktari," mama mdogo alijibu. "Ni kilekile cha marehemu mama. Pipa lilelile."

Daktari alifunua pipa, akanusa na kukunja uso. Alichovya kipande cha karatasi ya kupimia ukali, akaitazama rangi yake.

"Hiki hakijachachuka," alisema. "Kinaoza. Chakula kilichochachuka kinatakiwa kiwe kikali mdomoni. Ule ukali ndio unaowazuia wadudu wa kuharisha. Nani anachanganya?"

"Ni mimi mwenye dhamana," mama mdogo alisema haraka. "Makosa yatakuwa yangu."

"Nilisema," mjomba alidakia. "Nilisema mimi."

Chiriku alikuwa ameshikilia nguzo ya banda. Alijua akinyamaza, jambo litaishia hapo. Mchinjaji atakuja, mama mdogo atabeba lawama maisha yake yote, na hakuna atakayejua. Lilikuwa jambo rahisi mno kunyamaza. Wiki nzima alikuwa hafanyi kazi nyingine.

"Si mama mdogo," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Si yeye. Ni mimi. Nilimwaga chakula chote, mpaka cha chini, nikaliosha pipa kwa sabuni."

Mjomba alimgeukia. "Bibi yako hakukukataza?"

"Alinikataza."

"Sasa ukaosha kwa nini?" Ni daktari aliyeuliza, tena kwa upole.

Chiriku alitazama chini. "Lilikuwa linapumua. Kama bibi."

Hakuna aliyecheka. Mjomba alilitazama lile dirisha lenye komeo. Mama mdogo akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, taratibu, kama mtu aliyechoka safari.

"Hata mimi nilikuwa nalisikia," alisema. "Unadhani kwa nini nilikuwa nashona kutwa? Cherehani ikinguruma, silisikii."

Daktari akachuchumaa karibu na mtoto. "Ulisikia vizuri, mwanangu. Lilikuwa linapumua kweli. Ndani ya chachu mna vijidudu vizuri, vidogo visivyoonekana. Vinakula pumba, vinatoa hewa, hewa inanyanyua mfuniko. Vinatoa pia ule ukali, na ukali unalinda matumbo ya nguruwe, chakula kinasagika vizuri na wao wanakua. Ulipoosha hadi chini uliwaondoa walinzi wote. Chakula kipya kikakaa bila mlinzi, wadudu wabaya wakawahi kuingia. Kingeachwa siku kadhaa kingeweza kuchachuka chenyewe, lakini wewe uliwapa kesho yake, wakati mbaya kabisa."

"Kwa hiyo watakufa wote?"

"Wengine naweza kuwaokoa, tukianza sasa. Wapewe maji safi yenye chumvi kidogo na sukari, walale pakavu penye joto. Hiki kimwagwe. Ila nahitaji chachu nzuri ya kuanzia. Kuna mwingine hapa anayelisha hivi?"

Mjomba alikohoa. "Fundi Baiskeli, ng'ambo ya barabara. Marehemu alimpa chachu zamani." Akachukua ndoo na kumkabidhi Chiriku. "Nenda ukaombe wewe. Na ukiulizwa, sema ilivyokuwa."

Ilikuwa adhabu, na Chiriku aliipokea. Alivuka barabara akamkuta Fundi Baiskeli ameinamia gurudumu, akamwamkia na kumweleza yote, ya pumzi, ya sabuni na ya waliokufa, huku masikio yakimwaka kwa aibu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukaza spoku.

"Bibi yako aliponigawia," alisema, "nilimuuliza, mama, huogopi nguruwe wangu watawashinda wako? Akasema chachu isiyogawiwa ikifa, imekufa. Nami nikamwona bibi mwenye maneno mengi tu." Alijifuta mikono, akaijaza ndoo mpaka juu. "Beba kwa mikono miwili."

Siku zile walifanya kazi sana. Chiriku aliwanywesha watoto wa nguruwe maji ya chumvi na sukari mmoja mmoja, akabadilisha nyasi za kulalia, akakichanganya chakula kipya na chachu ya Fundi Baiskeli. Hakuna aliyelishwa chakula hicho mpaka daktari alipokipima tena na kuridhika. Mmoja zaidi alikufa. Waliobaki walisimama, Kidoti akiwa wa mwisho, na Bi Mkubwa akarudia kuwazuia watu njia. Mchinjaji hakuja. Mjomba alileta misumari akaziba upenyo wa banda uliokuwa unaingiza baridi, na alipomaliza alimwambia mdogo wake, bila kumtazama, kwamba alikuwa amemwonea. Kwa mtu kama yeye, hayo yalikuwa maneno mengi.

Jioni moja Chiriku na mama mdogo walikuwa uani wanaosha ndoo.

"Sikukasirikia pipa," mama mdogo alisema. "Nilichokasirikia ni kwamba uliogopa mchana kutwa, peke yako, na mimi nimekaa hapo ndani nikiogopa peke yangu. Hofu iliyofichwa haikai mahali pamoja, mwanangu. Itatafuta kitu cha kuharibu. Mficha maradhi kifo humfichua. Siku nyingine kitu kikikutisha, niite. Tuogope pamoja, kisha tukifunue tuone ni nini."

Chiriku alisuuza ndoo yake, akaisuuza tena ingawa ilikuwa safi. Kulikuwa na swali alilokuwa amelibeba tangu mazishi.

"Mama mdogo. Bibi alipokuwa anapumua vile, alikuwa anaumia?"

Mama mdogo aliweka ndoo chini. Angeweza kusema hapana. Watu wazima wengi wangesema hapana.

"Aliumia," alijibu. "Mwishoni akaacha kuumia. Nilikuwa nimemshika mkono, na alijua ni mimi."

Chiriku akalia, kwa mara ya kwanza tangu bibi afariki, na mama mdogo akamvuta akamkalisha ubavuni pake, mikono ya wote wawili ikiwa bado imelowa.