Fundi Bomba Mwenye Sauti ya Kike

"Afadhali umepiga mwenyewe. Mbona unanikimbia hivyo?"

Sauti ilikuwa ya mwanamke, tena laini. Msusi akaiondoa simu sikioni, akatazama kioo chake. Jina lilikuwa lilelile: Fundi Bomba. Bomba la jikoni linavuja, mume yuko bafuni anaoga, naye kachukua simu ya mume ampigie fundi. Kumbe! Siku zote hizi mwanamume anapokelea simu uani, akilala anailaza kifudifudi, na mke kanyamaza tu, anajisemea moyoni za mwizi arobaini.

"Dada, wewe ni fundi bomba?"

"Hapana. Kwani wewe nani?"

"Mimi ndiye mwenye mume."

"Wewe ni mkewe? Nashukuru Mungu nimekupata. Mimi ni afisa mikopo wa benki. Nyumba yenu imeshafika kwa dalali, mnada ni wiki ijayo, na mumeo hapokei tena simu zangu."

Msusi akakaa juu ya ndoo. Aibu kusema, lakini kilichomjia kwanza ilikuwa furaha: si hawara. Ndipo lile neno mnada likamwingia.

Mume, fundi wa kuchomelea mageti, akatoka na taulo kiunoni. Alipoona simu ilipo, akajua.

"Mke wangu, ngoja nikueleze."

"Vaa kwanza. Hatuwezi kufukuzwa nyumbani na wewe uko hivyo."

Akavaa, akaeleza. Tangu aungue mkono, wateja walihamia kwa mafundi wengine, na mkopo wa nyumba ukaanza kumshinda.

"Sasa mimi hukuniambia kwa nini?"

"Ulinisimulia ulipokuwa mtoto mlivyokuwa mkitolewa vyombo nje na wenye nyumba, umekaa juu ya godoro barabarani na mama yako. Nikakuapia hutayaona tena. Ningeanzia wapi?"

"Ukaona bora aje kuniambia dalali?"

"Nilimwandika Fundi Bomba ili usishtuke akipiga. Niliona nisipopokea simu, basi hawajaniambia. Na wasiponiambia, watauzaje?"

"Hiyo ni akili gani, Baba Mapacha? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwenzio nimelia weee kwa ajili ya mwanamke asiyekuwepo. Nilishaanza kupanga nguo zangu niende kwa kaka."

"Mwanamke gani tena?"

"Si huyo fundi wako wa bomba."

Mume akataka kucheka, akaogopa. Mke akamrushia viatu.

"Vaa. Tunakwenda benki wote wawili."

Afisa mikopo alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Hakufoka hata kidogo.

"Kaka yangu, nilikuwa sikupigii kukutisha. Nilitaka uje tupange upya marejesho. Muda unaongezwa, kila mwezi mnalipa kidogo. Tatizo, kipato chako peke yake sasa hakitoshi."

"Na changu?" Msusi akauliza. "Wateja wangu wananilipa kwa simu. Tazama mwenyewe."

Yule mama akatazama, akauliza maswali, akaingia kwa bosi wake. Wale wawili wakabaki wamekaa. Aliporudi alikuwa anavaa miwani.

"Wekeni sahihi hapa, wote wawili. Dalali nimeshampigia, mnada umesimama. Mkikwama tena, njooni mapema. Msisubiri niwatafute."

Fundi akafunika uso kwa ule mkono wenye kovu, akalia mbele za watu.

"Nilitaka nikutunze," akasema.

"Nani kakukataza kunitunza? Nitunze. Ila mzigo wa watu wawili usiubebe peke yako, ukadondoka nao, tukaumia wote."

Nje, mume akasimama kwenye ngazi, kama mtu asiyejua miguu yake inafanyaje kazi.

"Kwa hiyo tumepona?"

"Tumepona. Lakini ukinificha jambo tena, mnada nitakaopiga ni wako wewe. Sijui kama utapata mnunuzi."

Mume akacheka, machozi bado mashavuni. Mke akamshika mkono.

"Twende nyumbani."

"Nyumbani," mume akarudia polepole, akamfuata.