Uzi wa Ukuta wa Ngome

Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipompandishia mdogo wangu Toader chakula: ugali wa moto na jibini ya kondoo. Nilipanda huku nalalamika. Mtu mzima na ndevu zake, bado analishwa na dada!

Alikuwa fundi muashi kwenye magofu ya ngome, juu kabisa mlimani. Ukuta wa mnara aliokuwa akiujenga upya ulikuwa umeanguka mara tatu. Ukianguka tena, kazi hana.

Nilimkuta ameketi, amechoka.

"Umechelewa, dada. Mahindi ulikuwa unayapanda kwanza?"

"Kula, ufunge domo."

Ndipo nikasikia harufu. Udongo mbichi... kama wa kaburi.

Kwenye pengo la ukuta alisimama mzee mrefu, koti limejaa vumbi la chokaa. Mkononi ana uzi. Aliuburuta taratibu juu ya mawe, akifuata kivuli changu kuanzia miguuni.

"Tulia," akanong'ona. "Nakaribia kichwani."

Kwetu hata mtoto anajua: fundi akipima kivuli chako na kuufukia uzi ukutani, ukuta husimama. Wewe siku arobaini humalizi.

Nikaruka nyuma ya Toader.

Uzi haukusita. Ulifuata kivuli chake mpaka kichwani.

Tap!

Ukakatwa.

"Unamkimbia nani?" Toader akauliza, mdomo umejaa ugali.

Pengoni hapakuwa na mtu.

Ukuta haukuanguka tena. Toader akatamba kijiji kizima. Mimi nikanyamaza, nikihesabu siku, roho inaniuma. Siku ya thelathini na nane akaanza kukohoa. Nikabeba nyundo, nikapanda kuubomoa ukuta, niutoe ule uzi. Akanifuata, akanishika mkono.

"Una wazimu, dada?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba.

"Mambo ya vikongwe hayo! Haya, huyo mzee alianza kumpima nani?"

"Mimi."

"Halafu?"

Nikauvuta mkono wenye nyundo. Kicheko kikamkauka. Akatazama pale niliposimama siku ile, kisha pale alipokuwa ameketi yeye.

"Ulijua, dada," akasema polepole. "Ulijua... ukaniweka mimi mbele."

Akauachia mkono wangu, akateremka peke yake huku anakohoa. Niligonga ukuta ule mpaka viganja vikatoka damu.

Hakuna jiwe hata moja lililotikisika.